Gauni la Pasi Tu

Dobi alijua kwa pua kabla hajajua kwa macho. Alilishusha gauni kutoka kwenye msumari wake, akaligeuza ndani nje kama alivyoagizwa, akalitandaza juu ya meza ya pasi na kuinama kukagua mshono wa shingo. Hapo ndipo harufu ya sabuni ya unga ilipompanda. Akainua uso. Akainama tena, safari hii polepole, kama mtu anayetega sikio mlangoni kabla ya kupiga hodi.

"Mama Kibanio," aliita. "Nani amelitia maji gauni hili?"

Mkewe alikuwa uani, karai la mashuka mbele yake, povu mpaka viwikoni. "Gauni lipi?"

"La samawati. Lililokuwa limetundikwa peke yake."

"Mimi silijui. Si umelibandika karatasi mwenyewe, pasi tu? Mimi nikiambiwa pasi tu, sigusi. Kwa mgongo huu nitafute kazi ya kujitolea?"

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka. Kulikuwa na meza, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya siku ambazo umeme umekatika, na rafu ya mbao iliyojaa mafurushi. Dobi hakuwa na daftari la wateja. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi, mishono mitatu ndani ya pindo: mwekundu wa mwenye duka la dawa, wa kijani wa dereva wa gari la wagonjwa, wa njano wa mapacha wanaofanya kazi benki. Kwa miaka ishirini na sita hakuna shati lililokwenda nyumba isiyo yake. Gauni la samawati tu ndilo halikuwa na uzi. Siku lilipoletwa alichukua sindano, akaishika, akairudisha kwenye kopo.

Binti yao aliingia na beseni tupu kiunoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na jina la Kibanio alipewa na baba yake siku ya tatu ya maisha yake, alipokishika kidole chake na kukataa kukiachia.

"Nimelifua mimi, Baba," alisema. "Lilikuwa na doa."

"Halikuja na doa. Nililikagua mpaka kwenye vifungo."

Binti akaweka beseni chini.

"Doa la nini?" dobi aliuliza.

"La poda."

"Poda ya nani?"

Jibu lilitoka mlangoni. Jirani yao, mama wa genge la mboga, aliingia na mfuko wa nyanya mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Hodi humu, na hongera. Baba Kibanio, umefuga nyota ndani ya nyumba na unatuficha sisi majirani? Mpwa wangu anakaa mbali kule, safari ya siku nzima, na picha imemfikia. Hebu tazama."

Dobi alifuta mikono, akaipokea simu. Binti yake alikuwa ameegemea ukuta mweupe wa benki, kichwa amekilaza upande, mikono ameipeleka nyuma. Uso ulikuwa umeng'arishwa mpaka kovu la tetekuwanga juu ya nyusi likapotea. Gauni la samawati lilimkaa vizuri. Chini yake aliandika: Ni kwa neema tu.

"Mia nne na kumi na wawili wameipenda," mama wa genge alisema, "na bado ni asubuhi."

"Asante, mama," dobi alisema, akairudisha simu kwa mikono miwili. "Nyanya weka hapo."

Jirani alipoondoka, dobi aliufunga mlango nusu. Mkewe alikuwa ameshaingia kutoka uani, maji yakimdondoka.

"Ni la nani?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"La Mwalimu."

"Mwalimu ana mwili wa kuvaa hilo?"

"La marehemu binti yake."

Mwalimu alikuwa amewafundisha shule ya Jumapili nusu ya watoto wa mtaa ule, Kibanio akiwa mmoja wao. Mwanawe wa pekee alifariki mwaka jana, homa ya siku tisa, wiki tatu baada ya mahafali yake.

"Mwalimu alilishona kwa mkono wake, la mahafali," dobi alisema. "Lilivaliwa siku hiyo moja. Kabati limevujiwa na mvua, likakunjamana. Analitaka Jumamosi ijayo kwenye ibada ya kumbukumbu, litandazwe kwenye kiti. Aliniambia, dobi, usilitie maji, bado lina harufu ya mtoto wangu, na hiyo harufu ndiyo niliyobaki nayo."

Binti alijishika mdomo. "Hukuniambia, Baba."

"Sikukwambia," dobi alikubali. "Niliona ni neno la mtu mwenye kilio, si la kuzungusha nyumba nzima. Niliandika pasi tu. Nilidhani inatosha."

*

Kibanio hakuwa mwizi. Tangu utotoni alilala chumba kimoja na suti za watu na hakuwahi kuingiza mkono kwenye mfuko hata mmoja. Lakini mwenzake wa shule, aliyekaa naye dawati moja miaka minne, alikuwa akiweka picha kila siku: leo yuko kwenye ngazi za hoteli, kesho mbele ya gari, keshokutwa ana gauni jingine na maneno ya kumshukuru Mungu. Kibanio alizitazama zote. Alizitazama akisubiri maji yachemke, na alizitazama hata kanisani, simu ikiwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Sala zake zilikuwa zimepungua mpaka zikabaki swali moja: kwa nini yeye, Bwana, na si mimi? Mwenyewe alikuwa akijiona mtoto wa dobi, na vidole vilivyochanika kwa sabuni.

Jumatano ya picha ile wazazi walikuwa wamepeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni. Alilichagua gauni la samawati kwa sababu hakuwahi kuona jingine kama hilo popote. Maua ya shingoni yalikuwa yametarizwa kwa mkono, na moja lilikuwa na petali sita wakati mengine yana tano. Mlinzi wa benki ndiye aliyempiga picha.

"Toa mikono mbele, dada," mlinzi alimwambia. "Umekaa kama mfungwa."

"Piga hivyo hivyo tu."

Dakika kumi, basi. Aliporudi akaona poda kwenye kola. Na alichokifanya baada ya hapo alikifanya kama alivyofunzwa: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kupapasa bila kusugua, kusuuza mara tatu, wanga kidogo, kuanika kivulini. Ilikuwa kazi safi. Hata baba yake asingeweza kulifua vizuri zaidi.

*

Mwalimu alikuja mwenyewe saa sita mchana, jua la utosi. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa dukani amefuata sare zake. Alipoona uso wa mama yule akaanza kuhesabu vifungo vya shati ambavyo havikuwa na tatizo.

"Nimeletewa picha saa tatu," Mwalimu alisema. "Rafiki wa mwanangu ameniuliza, Mwalimu, lile gauni umelitoa?"

"Mwalimu, kosa ni langu," dobi alisema. "Duka ni langu."

"Lete nilione."

Alilipokea, akalipandisha usoni mwake mbele yao wote. Alikaa hivyo muda mrefu. Binti alikuwa nyuma ya pazia la uani, na mama yake amemshika kiwiko. Mwalimu alipolishusha gauni, macho yalikuwa makavu.

"Pasi ni bei gani?"

"Siwezi kuchukua hela yako, Mwalimu."

"Chukua. Umefanya kazi. Umefanya hata zaidi ya nilivyokuagiza."

Akaweka sarafu mezani, akalikunja gauni kwapani, akatoka. Dereva alisubiri kidogo, akasema, "Mungu atusaidie tu, mzee," naye akaenda. Sarafu zile zilikaa pale mpaka duka likafungwa. Dobi alipiga pasi akizizunguka.

*

Mtaa una miguu mingi kuliko jongoo. Jumatatu msichana wa kazi wa mwenye duka la dawa alikuja na kapu.

"Mama anaomba mzigo wake hata kama haujafuliwa. Amesema si kwa ubaya."

"Mwambie nimesikia, mwanangu. Si kwa ubaya."

Jumanne walikuja mapacha wa benki, wanacheka kwa aibu. "Mzee, tunaogopa tusije tukaona makoti yetu mtandaoni yako harusini."

Kwenye genge mama Kibanio aliulizwa kama bado anahitaji kununua nguo, maana kabati lake ni la mji mzima. Mwingine akadakia kwamba cha kuazima hakisitiri mwili. Alichagua vitunguu vyake bila kujibu, akalipa, na alipofika nyumbani aligundua amesahau chenji. Hakurudi kuifuata.

Jumatano alikuja katibu wa kwaya kuchukua majoho. Dobi alikuwa akiyafua bure kwa miaka kumi na mmoja, sadaka yake, kwa kuwa hana sauti ya kuimba.

"Ni kamati, mzee, si mimi," katibu alisema, akiangalia dari. "Mpaka upepo utulie."

"Yahesabu."

"Aa, hakuna haja, mzee. Kwani sisi ni..."

"Yahesabu."

Katibu akahesabu, moja moja, majoho thelathini na mawili, na dobi amesimama mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini. Yalipotimia alisema asante. Rafu ikabaki na mafurushi matatu.

Jioni hiyo, kabla ya kula, simu ya Kibanio ililia. Mwenzake wa dawati moja, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kujibu hata salamu yake, alikuwa ameandika chini ya ile picha: Umependeza jamani. Hilo gauni nitalipata wapi?

Kibanio aliyasoma maneno hayo mara mbili. Ndiyo aliyokuwa akiyasubiri. Akaifuta picha, ingawa alijua imeshasambaa, akaweka simu kifudifudi.

"Wangapi leo?" mama yake aliuliza.

"Nimeifuta."

"Mimi ulipozaliwa nilihesabu vidole vyako. Kumi. Nikamshukuru Mungu nikalala. Wewe unahesabu mioyo ya watu usiowajua, na hulali."

"Mwache," dobi alisema.

"Simsemi kwa kumchukia."

"Najua." Dobi alijisogeza kwenye kigoda. "Kibanio, sikia. Sijakukasirikia kwa kuvaa nguo ya mtu. Mimi nilivaa koti la mteja nikaenda kumposa mama yako."

"Nilijua siku ile ile," mama alisema. "Mikono ya koti ilikufika kwenye kucha. Ulipopewa chai ukashindwa kushika kikombe."

Dobi alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Lakini mimi nilivaa ili nionekane na watu waliokuwa mbele yangu. Wewe umevaa ili wewe usionekane. Umefuta mpaka kovu lako. Nilikaa macho kwa ajili ya kovu lile, usiku kumi, nakushika mikono usijikune. Nimelitafuta kwenye simu ya watu sikuliona. Hilo ndilo limeniuma, mwanangu. Wateja watarudi au hawatarudi, Mungu anajua."

Kibanio aliinamia sahani yake. "Ijumaa nitakwenda kwa Mwalimu," alisema.

"Tutakwenda wote."

"Hapana, Baba. Nililivaa peke yangu."

*

Nyumbani kwa Mwalimu viti vya kukodi vilikuwa vimeshushwa, na wanawake wawili walikuwa wakivifuta vumbi uwanjani. Walipomwona Kibanio waliacha kuongea. Akapita katikati ya ukimya wao mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa amekaa mezani, gauni limekunjwa mbele yake. Hakuitikia. Baada ya muda akasema, "Ingia. Usisimame mlangoni kama mtu wa kudai."

Kibanio aliingia akapiga magoti, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kukaa. "Nimekuja kuomba msamaha. Sikujua ni la nani. Lakini nilijua si langu."

"Kaa kwenye kiti. Magoti ni ya Mungu." Mwalimu alimtazama. "Ile picha niliiona kabla sijajua ni nani. Unajua nilifanya nini? Nilisimama. Miguu ilitaka kukimbia kukupokea. Halafu nikaiona shingo. Mwanangu alikuwa na shingo fupi, kila siku akiilalamikia. Wewe ya kwako ndefu. Hukufanana naye hata kidogo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ngoja. Nilipokuwa nawafundisha mkiwa wadogo, niliwaambia Mungu hana kalibu, kwamba kila mtu anamfinyanga kwa mkono. Nilisema kwa sababu ndivyo somo lilivyokuwa. Mwaka huu ndio nimelijua. Kama angekuwa ameumba wa pili, mimi ningetulia. Nimemtafuta kwenye nyuso zote, sokoni, kanisani, foleni ya hospitali. Hayupo wa pili. Ndiyo maana nalia na kilio hakiishi." Akalisogeza gauni kando. "Kwa nini ulificha mikono kwenye picha?"

"Ni mibaya. Imechanika."

"Ilete."

Kibanio aliinyoosha juu ya meza. Mwalimu aliigeuza, viganja juu, akaiangalia mistari ya sabuni na ncha za vidole zilizopauka. Hakuipapasa, wala hakuiachia.

"Ndiyo hii iliyofua?"

"Ndiyo."

"Baba yako akikupoteza wewe, atakutafuta kwenye picha ya nani?"

Hapo ndipo binti alipolia, bila sauti, mabega tu. Mwalimu alimsubiri amalize. Hakumwambia anyamaze.

"Kesho nitamsemea baba yako mbele ya kanisa," alisema baadaye. "Nimesikia habari ya majoho. Mtu anayedai yahesabiwe mbele ya macho yake, huyo si wa kuogopa. Lakini wewe sijakusamehe bado. Nitakusamehe, kwa sababu nimeamriwa na Mungu. Leo sijaweza."

"Sawa, Mwalimu."

"Niambie kitu kimoja. Ulipolivaa, lilikuwa halijafuliwa."

"Ndiyo."

"Mimi sijalinusa tangu Pasaka. Niliogopa harufu itaisha. Nilikuwa naibania, nikisema nitalinusa siku ya ibada." Sauti yake ilipungua. "Kwa hiyo wa mwisho ni wewe. Lilikuwa na harufu gani?"

Kibanio alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa na jibu tayari: maua, manukato, kitu cha kumfurahisha mama mwenye kilio. Ulikuwa umezoea kupamba. Akaufunga mdomo, akafumba na macho. Kwao kila nguo hunuswa kabla ya kuloweka, ndivyo wanavyojua inahitaji sabuni kiasi gani. Alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka saba, na Jumatano ile, gauni likipita kichwani, pua ilifanya kazi yake bila kuambiwa.

"Mafuta ya nazi," alisema. "Kwenye shingo. Yaliyokaa, si mapya."

"Endelea."

"Karatasi. Kama daftari jipya likifunguliwa mara ya kwanza. Na kitunguu kidogo, mkono wa kulia."

Mwalimu alifunika macho. "Aliingia jikoni kunisaidia, na gauni la mahafali mwilini. Nikamgombeza."

"Na jasho." Kibanio akasita. "Samahani."

"Usiombe samahani. Sema."

"Upande wa kushoto zaidi. Si jasho la kazi. La kazi ni jepesi, linatoka kwa maji tu. Hili lilikuwa kali. Jasho la mtu mwenye hofu."

Uwanjani wale wanawake walikuwa wameanza tena kufuta viti.

"Nilimuuliza kama anaogopa kupanda jukwaani," Mwalimu alisema. "Aliniambia haogopi. Aliniambia, Mama, kaa tu, utaniona." Akashika ukingo wa meza. "Kumbe aliogopa. Mtoto wangu aliogopa, na akapanda."

Machozi yalimtoka ghafla, mengi, yakadondokea mikono ya binti iliyokuwa bado mezani.

"Rudia," alisema. "Tangu mwanzo. Polepole."

Kibanio akarudia tangu mwanzo, mafuta, karatasi, kitunguu, jasho, wala hakuongeza kitu.